Siku Moja Mombasa Pamoja na Kiongozi

Mtu wa bara aendaye Mombasa kwa shughuli zake aghalabu hurudi kwao akiwa ameona mambo matatu: bahari, pembe za Moi Avenue, na msongamano wa watu wanaongoja feri Likoni. Karani aliyetumwa na ofisi yake kuhudhuria mkutano hulala hotelini Nyali siku tatu, akala samaki, akapiga picha chini ya zile pembe nne zinazopishana juu ya barabara, kisha akaenda Miritini kupanda treni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, akarudi Nairobi. Jirani akimwuliza Mombasa ni mji wa namna gani, hujibu kwamba kuna joto. Hata pembe zenyewe hakuambiwa na mtu kuwa hazikutoka kwa ndovu yeyote. Ni madini ya alumini, nazo ziliwekwa katika miaka ya 1950 kupamba njia wakati wa ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza, barabara hiyo ikiitwa bado Kilindini Road.

Si kosa la karani huyo. Mji wa kale hausemi wenyewe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, milango imefungwa, vichochoro havina vibao vya kutosha, na mgeni hupita mbele ya nyumba yenye habari za miaka mia mbili akidhani ni ghala la vitunguu. Ndiyo maana imekuwa desturi ya watu wengi siku hizi, nao si Wazungu peke yao, kumkodi kiongozi mmoja kwa siku nzima, awatembeze wao na jamaa zao bila ya kuchanganywa na wageni wengine. Kazi hiyo si ngeni katika pwani hii. Zamani za misafara ya kwenda bara, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi aliitwa kirongozi, naye alihesabiwa kuwa mtu mkubwa, kwa sababu akipotea yeye wamepotea wote.

Shauri la kwanza ni fedha, na yafaa limalizwe kabla ya mguu kuinuka. Kiongozi wa namna hii hutoza kwa saa au kwa siku, wala hatozi kwa kila kichwa. Kwa hiyo mtu aliye peke yake ataona ada ni kubwa, lakini baba mwenye mke na watoto watatu, au makarani watano wa ofisi moja waliochanga pamoja, wataona kila mmoja anatoa kiasi cha kustahimilika. Mgeni na aulize wazi: je, ada hiyo ni pamoja na kiingilio cha Fort Jesus? Nauli ya tuktuk nani ailipe? Chakula cha mchana cha kiongozi kimo au hakimo? Maneno haya yakiandikwa kwenye simu na kutumiwa pande zote mbili asubuhi, hakuna atakayenuna jioni. Kadhalika raia asisahau kitambulisho chake, kwa kuwa kiingilio cha mwananchi katika makumbusho ya taifa ni tofauti na kile cha mgeni wa nchi za nje, na mlangoni hawamwamini mtu kwa sura wala kwa lugha.

Shauri la pili ni kumjua kiongozi mwenyewe. Sheria ya Kenya yataka kiongozi wa watalii awe na leseni ya mamlaka ya serikali inayosimamia utalii, na tena kiko chama cha viongozi wa safari ambacho hutahini wanachama wake na kuwapa beji za shaba, fedha na dhahabu kwa kadiri ya ujuzi wao. Kumwomba mtu aonyeshe leseni yake si utovu wa adabu. Aliye nayo huitoa kwa furaha, maana aliitolea jasho. Huyo anayemkimbilia mgeni mbele ya lango la ngome, akamshika mkono na kumwambia kuwa bei watapatana baadaye, ni afadhali aachwe aende zake. Huenda akawa mtu mwema na mwenye njaa tu, lakini "baadaye" ya namna hiyo imeharibu siku za watu wengi.

Safari yenyewe yafaa ianze mapema, saa mbili asubuhi, jua halijawa kali, na ianzie Fort Jesus. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya miaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliana mmoja aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, na ikitazamwa kutoka juu huonekana mfano wa mtu aliyelala chali. Kiongozi mwenye ujuzi haanzi kwa mizinga. Humpeleka mgeni pembeni ya ukuta, akamwonyesha jinsi kuta zilivyosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, na kwa nini zilielekezwa vile: mashua yoyote iliyotaka kuingia bandari ya zamani ilipita chini ya macho ya wapiga mizinga. Mtu akishaelewa jambo hilo moja, habari zote zilizobaki hujipanga zenyewe.

Na habari hizo si chache. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, alimwua kapteni wa Wareno ndani ya ngome hiyo hiyo na kuitwaa. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kumzingira wakashindwa, ndipo yeye mwenyewe akaiacha na kwenda baharini. Kisha ukaja mzingo mkubwa wa Waarabu wa Omani, ulioanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa ndani waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi, na walipopandiwa kuta hatimaye walikuwa wamebaki wachache mno. Meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale waliichunguza katika miaka ya 1970, na vyombo vilivyotolewa kwenye matope vimo katika makumbusho. Mtoto wa shule aliyekariri tarehe hizi kwa ajili ya mtihani hubadilika uso anapoona chombo kilichokaa chini ya maji karibu miaka mia tatu.

Baadaye ngome ikawa ya Wamazrui, kisha ya masultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza jela. Hapo viongozi wengi huharakisha. Husema, "Halafu ikawa jela mpaka 1958," kisha huendelea na mizinga, kwa maana wageni wa nchi za mbali hawaji Mombasa kutazama jela.

Mzee mmoja, mkulima wa upande wa Machakos, aliletwa na wanawe wawili kwa treni. Walikuwa wamemkodi kijana mwenye beji, wakapatana naye siku nzima: ngome, Mji wa Kale, sokoni, kisha ng'ambo ya daraja la Nyali. Mzee alifuata kimya. Kijana alipofika kwenye lile neno la jela na kulipita, mzee alisimama, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo nilipojia." Akaeleza kuwa baba yake alifungwa humo mwaka 1954, akatoka na kurudi nyumbani, na katika maisha yake yote yaliyobaki alisimulia jambo moja tu la kifungo chake: kwamba usiku alikuwa akiisikia bahari, lakini hakuiona hata siku moja. Aliletwa katika gari lililofungwa na akaondoka vivyo hivyo. Wana wa mzee wenyewe hawakuwa wamesikia habari hiyo kabla ya siku ile.

Mzee akauliza, "Alikuwa akilala upande gani?"

Kijana angeweza kunyosha kidole. Vyumba ni vingi, na hakuna ambaye angembishia. Badala yake alijibu, "Sijui, mzee wangu. Nikikuonyesha chumba chochote nitakuwa nakudanganya." Akamweleza kuwa jela ilipoondolewa mwaka 1958, ngome ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, ikachimbwa na kutengenezwa chini ya Mwingereza James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Waliochimba walikuwa wakitafuta mambo ya Wareno na Waarabu, kwa hiyo dalili za wafungwa zilizobaki ni chache. "Lakini bahari," akasema, "hiyo najua ilipo." Akamshika mkono akampandisha hadi ukuta wa upande wa maji. Walikaa pale muda mrefu. Wana wa mzee walitaka kumkumbusha kijana kwamba saa zinakwenda. Yeye akawaashiria wanyamaze.

Hiyo ndiyo faida ya kiongozi wa mtu mmoja au jamaa moja, na haimo katika karatasi za matangazo. Katika kundi la watu thelathini, mzee yule angekuwa amevutwa aendelee na wenzake, na pengine asingethubutu hata kuuliza. Siku hiyo soko lilipunguzwa na Nyali ikaachwa, na hakuna aliyedai kurudishiwa sehemu ya fedha. Na hapa ndipo pia ilipo tofauti ya kiongozi na mpiga porojo. Wapo wanaodhani kuwa mgeni amelipa ili apewe jibu kwa kila swali, kwa hiyo kila shimo huwa la watumwa na kila handaki hupita chini ya bahari. Ile Njia ya Matao ndani ya ngome, kwa mfano, ilichongwa katika mwamba ili kufikia ufuoni. Jambo hilo latosha kumstaajabisha mtu bila ya kuongezwa chumvi. Asiyejua na aseme hajui. Mgeni atamwamini zaidi kwa yale anayoyajua.

Kutoka ngomeni hadi Mji wa Kale ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na ni kwa miguu ndivyo ipasavyo. Njia kubwa yake huitwa Ndia Kuu. Mtu wa Kirinyaga akiona jina hilo hudhani ni la kwao. Lakini ndia ni njia kwa Kimvita, lugha ya wenyeji wa kisiwa, ambayo ndiyo aliyoitungia mashairi yake Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Huku tazama milango ya mbao iliyonakshiwa, na roshani zinazotokeza juu ya vichwa vya wapitao. Kiongozi aliyezaliwa humo huamkia kila mtu, na watu humwitikia; kwa salamu hizo mgeni naye hupokewa. Mtembezaji ambaye hakuna anayemjua katika mtaa huo hawezi kumfungulia mgeni mlango hata mmoja.

Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wa umbo la pia, huhesabiwa kuwa wa zamani kuliko yote iliyosimama mjini humo, na yasemekana ulijengwa yapata mwaka 1570. Asiye Mwislamu huutazama kwa nje, wala hasimami mlangoni na kamera saa ya sala. Siku ya Ijumaa adhuhuri ni vyema kupanga kuwa mahali pengine kabisa. Wanawake na wanaume wavae nguo za heshima. Bukta za ufuoni na ziachwe ufuoni. Haya si mambo ya dini peke yake. Watu wanaishi katika nyumba hizo, wanaanika nguo na kulea watoto, na hakuna mkulima ambaye angefurahi kuona wageni wakipiga picha jikoni kwake bila hodi.

Mbele kidogo iko Leven House, karibu na bandari ya zamani. Jina lake limetoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Leven. Mwaka 1824 nahodha wake, William Owen, aliwapa Wamazrui ulinzi wa Uingereza kwa shauri lake mwenyewe, na serikali yake ikaufuta mwaka 1826. Luteni Reitz aliyeachwa kuutawala mji alikufa mwaka huo huo wa 1824, na ndiye ambaye jina lake limebaki katika Port Reitz. Ni habari fupi, lakini mtu anayepita Port Reitz kila siku akienda kazini Changamwe hupata kujua kwamba anataja jina la kijana aliyezikwa hapa kabla ya reli, kabla ya himaya, kabla ya neno Kenya kujulikana na wengi.

Kufikia saa tano joto huwa limekwisha kushuka juu ya watu, na shauri jema ni kula. Kiongozi mwema hampeleki mgeni hotelini kwa rafiki yake anayemlipa kamisheni. Humpeleka penye mbaazi za nazi na mahamri, au viazi vya karai na ukwaju, kisha kahawa chungu katika vikombe vidogo. Baada ya hapo ni Marikiti, lile soko lililofunguliwa mwaka 1914 likaitwa Mackinnon, jina ambalo wenyeji hawakulishughulikia sana. Hapo iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga hupimwa mbele ya mnunuzi. Mkulima hujifunza zaidi sokoni kuliko kwenye makumbusho: huuliza zao limetoka wapi, limepitia mikono mingapi, na kwa nini bei ya hapa si ile aliyolipwa yeye shambani. Na aachwe aulize. Kiongozi anayemvuta mgeni kutoka sokoni ili wawahi duka la vinyago hajajua bado ni nani amemkodi.

Mchana, wenye nguvu huvuka daraja la Nyali kwenda Kengeleni. Wengi hulitaja jina hilo kila siku ndani ya matatu bila kujiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na kuitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Mnara wake ungali umesimama kando ya barabara. Anayetaka kuelezwa habari za utumwa, habari ambazo mapango na mahandaki husingiziwa bure, aje asimame hapa, kwenye kelele za magari, aambiwe kuwa watu walifika mahali hapa wakiwa wametolewa makwao Nyasa na Uyao na kwingineko, wakajenga nyumba na shule, na kwamba uzao wao ungali ukiishi pwani hii. Hapo hapo upande wa Nyali amezikwa Rosina, mke wa Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuwasili Mombasa. Bila ya kiongozi mtu hapaoni.

Jioni yafaa imalizikie Mama Ngina, penye mibuyu na upepo, ufuo uliotengenezwa upya mwaka 2019. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na dafu moja kwa kila mtu, si gharama kubwa. Meli ziingiazo Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mtoto aweza kusoma jina ubavuni. Ndipo hesabu hufanywa: ada kama ilivyoandikwa asubuhi, na bakshishi ikiwa siku ilikuwa njema. Bakshishi si deni, wala asiidai mtu. Lakini kijana aliyetembea tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili akisimulia, huku akitazama mzee asijikwae, amefanya kazi ya mikono pamoja na ya kichwa.

Yapo mengi ambayo siku moja haitoshi. Nguzo ya Mbaraki na msikiti wake mdogo huachwa mara nyingi, ingawa haviko mbali. Wachonga vinyago wa Kikamba wa Changamwe, ambao ushirika wao ulianza mwaka 1963, wahitaji asubuhi nzima, hasa kwa mtu anayetaka kujua ushirika huendeshwaje. Na Rabai, walikokaa Krapf na mwenzake Rebmann, iko nje kabisa ya kisiwa. Kiongozi anayeahidi kuyatia yote hayo katika siku moja pamoja na ngome na Mji wa Kale hajapata kutembea na mzee wala mtoto. Aulizwe mapema atapunguza nini, kisha wenye safari waamue wenyewe.